Mwanga Unapoleta Hofu

SOMO LA WIKI
Maandiko: Waamuzi 7:15-22, Mathayo 17:1-8, Yohana 3:19-21, Matendo 9:1-19

Somo la leo linaanza na kosa, na kosa lenyewe ni langu mimi ninayeandika.

Mnakumbuka ile kesha ya Ijumaa ambayo stima ilipotea katikati ya sifa. Siyo ile ya tarehe 25 Agosti 2023 iliyoacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Hii ilikuwa ya kawaida tu ya mtaa wetu, mvua ikinyesha stima inaenda. Hatukusimama. Ngoma iliendelea, watu wakaimba bila vipaza sauti, na kusema kweli ilikuwa tamu kuliko siku zile tuna kila kitu. Baada ya kama nusu saa stima ikarudi. Kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuzima swichi, taa zote za madhabahuni, zile mpya kubwa tulizochangia, zikawaka kwa mpigo mmoja zikielekea machoni petu. Wengi tulipiga kelele ya shangwe. Dada mmoja wa kwaya alipiga kelele ya aina nyingine.

Tulimkuta chini kati ya viti, anatetemeka, jasho linamtoka, mkono kifuani, anasema anakufa. Waombezi tukamzunguka, na mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Simu zilikuwa bado mikononi, tochi zinawaka, tukammulika usoni tuone kama macho yamegeuka. Tukakemea. Kadiri tulivyoinua sauti ndivyo alivyozidi kujikunja na kufunika uso, na mmoja wetu akasema, "Mnaona? Hilo pepo haliwezi nuru." Baada ya kama dakika kumi akatulia. Tukashangilia ushindi, tukaimba, kesha ikaendelea.

Jumapili hakuja. Wala Jumapili iliyofuata. Mwezi ulipita kabla mama mchungaji hajaenda kumtafuta kwake Nyalenda, na ndipo tukajua kilichokuwa ndani yake usiku ule. Ameniruhusu niandike bila kumtaja jina. Agosti 2017, wiki ile ya uchaguzi, yeye alikuwa msichana wa shule. Usiku mmoja nje kulikuwa na kelele na milio, na nyumbani kwao wote walilala sakafuni, mama yake amemlalia kwa juu. Mwanga wa tochi ukawa unapita chini ya mlango wa mabati. Unapita, unaenda. Unapita, unaenda. Kisha mmoja ukasimama. Hapo huwa anaacha kusimulia, na mama mchungaji hakumsukuma. Tangu siku hiyo, mwanga ukimpiga machoni ghafla, hata wa bodaboda inayokata kona, moyo unaanza kukimbia kabla akili haijajua ni nini.

Sasa hebu mfikirie mtu kama huyo: yuko sakafuni tena, amezungukwa na watu kumi wanaopaza sauti, kila mmoja na tochi.

Nilipokuwa nikitafakari jambo hili, Bwana alinirudisha kwa Gideoni. Hadithi hii tumeihubiri mara nyingi tukisimama upande wa Gideoni. Wiki hii isomeni mkiwa ndani ya kambi ya Midiani. Ni usiku, mwanzo wa zamu ya kati, walinzi ndiyo tu wamebadilishana. Wengi wamelala. Macho ya mwanadamu yakikaa gizani huchukua hadi kama nusu saa kuzoea kabisa, na yakishazoea, mwanga mdogo tu unakuwa kama radi. Wanaume 300 wamezunguka kambi wakiwa na mienge iliyofichwa ndani ya mitungi. Mitungi inavunjwa kwa pamoja, mienge inawaka pande zote, tarumbeta zinalia, watu wanapaza sauti. Angalieni vizuri mikono yao: mkono wa kushoto mwenge, mkono wa kuume tarumbeta. Upanga wangeushika na nini? Biblia inasema kila mtu alisimama mahali pake. Jeshi zima likakimbia likilia, na panga za Midiani zikageukiana zenyewe.

Yaani silaha ya usiku ule ilikuwa mwanga wa ghafla pamoja na kelele. Mungu aliyeumba mwili wa mwanadamu alijua mwili huo utafanya nini ukimulikwa hivyo gizani. Sisi waombezi tulifanya jambo lile lile kwa dada yetu, tofauti ni kwamba yeye hakuwa Mmidiani.

Wataalamu wa ubongo wameanza kulieleza jambo hili kwa njia yao. Ndani ya kichwa kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayoitwa amigdala. Kazi yake kubwa ni kama ya mlinzi wa usiku: ikihisi hatari inapiga kengele kabla hata mwenye nyumba hajaamka. Kengele ikilia, mwili unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inatetemeka, jasho linatoka, na mtu anasadiki kabisa kwamba anakufa. Mara nyingi kilele cha hali hiyo hufika ndani ya dakika kumi, kisha inaanza kushuka yenyewe. Mtanielewa kwa nini nimerudia kusoma sentensi hiyo. Zile dakika kumi tulizosema tumeshinda vita, huenda dada alikuwa anatulia tu kama mwili unavyotulia, na sisi tukiwa kizuizi.

Kuhusu mwanga wenyewe, kuna mambo mawili ambayo mwanzoni yalinichanganya. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha ya ubongo, wakawa wanazima na kuwasha mwanga wa kiasi. Mwanga ulipowaka, amigdala ilipunguza kazi. Hiyo inakubaliana na kila mama aliyewahi kuacha koroboi ikiwaka kidogo ili mtoto alale. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Siena, Italia, waliwalinganisha watu wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla na watu wasio nao, wakawauliza wanavyojisikia kwenye mwanga mkali. Wasio na ugonjwa walielekea kuupenda. Wenye ugonjwa walielekea kuukwepa. Hawakusema mwanga ndio unaosababisha ugonjwa. Walisema tu hayo mawili yanatembea pamoja. Kwa hiyo mwanga ule ule unaonituliza mimi unaweza kumsumbua jirani yangu wa kiti.

Wavuvi wetu hawahitaji mtafiti kuwaambia hili. Ukisimama Dunga usiku usio na mbalamwezi, au ukivuka kwenda Mbita, utaona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini mpaka unadhani kuna mji huko. Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za sola. Omena wanafuata mwanga, wavu unawasubiri. Nimemuuliza ndugu mmoja wa kikundi chetu cha wanaume, mvuvi wa miaka mingi, kama huwa anaogopa huko. Alisema taa yake mwenyewe ni rafiki, inampa moyo usiku kucha. Taa za wenzake pia, maana anazijua zilipo na hazihami ovyo. Ila ikitokea taa moja ambayo haijui, inakuja moja kwa moja na mlio wa injini, hapo mate yanakauka. Watu wameporwa nyavu na injini humo majini, na taa hiyo hakuambii imetumwa na nani. Kisha akaongeza jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Alisema kinachomtuliza, hata kabla hajamwona mtu usoni, ni kusikia sauti anayoijua ikimwita jina lake.

Wanafunzi wa Yesu walikuwa kwenye ziwa dogo. Galilaya ni kama kilomita za mraba 166 tu, Ghuba yetu ya Winam inaishinda mara kadhaa. Lakini usiku ni usiku. Katika Mathayo 14 wanaona umbo linakuja juu ya maji karibu na alfajiri, wanapiga yowe, na kati yao walikuwamo wavuvi waliolijua ziwa hilo tangu utoto. Yesu hakuwakemea kwanza kwa kuogopa. Alisema nao kwanza, wakaijua sauti. Swali la imani lilikuja baadaye, kwa Petro, akiwa tayari ameshikwa mkono.

Ukishaliona hilo mahali pamoja, utaliona kila mahali. Nendeni Mathayo 17. Petro, Yakobo na Yohana wako mlimani, uso wa Yesu unang'aa kama jua, wingu lenye nuru linawafunika. Hawa ni nguzo za kanisa, na wameanguka kifudifudi kwa hofu kubwa. Hakuna anayesema wana pepo. Yesu anawakaribia, anawagusa, anawaambia wainuke na wasiogope. Wachungaji wa Luka 2 nao walimulikwa na utukufu wa Bwana usiku wakiwa kazini, wakashikwa na hofu kuu, na neno la kwanza la malaika lilikuwa la kuwaondoa hofu, hata kabla ya habari njema yenyewe. Waisraeli waliogopa kumkaribia Musa kwa sababu uso wake uling'aa, naye akawaita, wakarudi, akasema nao, kisha akaweka utaji usoni (Kutoka 34:29-35). Najua Paulo katika 2 Wakorintho 3 anautumia utaji ule kufundisha jambo jingine, na hilo ni somo la siku nyingine. Mimi nataka tuone tu kwamba mtumishi wa Mungu hakuona haya kufunika mng'ao wake.

Saulo ndiye anayenigusa zaidi. Nuru kutoka mbinguni ilimwangusha chini njiani kwenda Dameski, na hiyo ilikuwa nuru ya kweli, ya Bwana mwenyewe. Sauti ilimwita kwa jina mara mbili. Aliinuka haoni, akashikwa mkono kama mtoto, akakaa siku tatu bila kula wala kunywa. Bwana angeweza kumulika tena akamaliza kazi. Badala yake alimtuma Anania, mtu aliyekuwa na hofu yake mwenyewe na aliyesema wazi kwamba anaogopa. Anania akaingia ndani ya nyumba, akaweka mikono juu ya Saulo, na neno lake la kwanza lilikuwa kumwita ndugu. Ndipo macho yakafunguka. Nuru ilimwangusha Saulo, lakini aliyetumwa kumwinua ni mtu wa kanisa, mwenye mikono miwili na sauti ya upole.

Kuna andiko moja ambalo lazima niliseme waziwazi, maana limetumika vibaya kati yetu. Baada ya kesha ile, maneno yalipita huku chini kwamba dada anachukia nuru kwa sababu ana jambo anaficha, na Yohana 3:20 ikatajwa. Wapendwa, someni mistari yote mitatu. Yesu anazungumza juu ya matendo. Mtu anayetenda mabaya haji kwenye nuru asije matendo yake yakaonekana. Hazungumzi juu ya mboni ya jicho, wala juu ya mtu ambaye moyo wake unaenda mbio akimulikwa. Mtu anaweza kukaa chini ya taa za mamia ya wati, ameinua mikono, na matendo yake yote yako gizani. Na mwingine akakaa nyuma karibu na mlango, amefunika macho kwa leso, na hana neno lolote la kuficha mbele za Mungu. Aliyeanzisha maneno hayo simjui na sitaki kumjua, lakini yafutwe.

Najua wengine mnauliza sasa, "Mzee, kwani umeacha kuamini mapepo?" Sijaacha. Nimeona watu wakifunguliwa kwa jina la Yesu na nitaendelea kuomba. Lakini Mathayo 4:24 inawaorodhesha walioletwa kwa Yesu, na wenye pepo wametajwa kivyao, wenye kifafa kivyao, waliopooza kivyao. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, alijua kuweka vitu kwenye safu zake. Sisi ndio tumeviweka vyote kwenye safu moja, kwa sababu safu hiyo ndiyo tunayoijua kufanyia kazi. Karama ya kupambanua roho haiwezi kuwa na jibu moja tu kila siku.

Kwa hiyo wazee wamekaa na kikundi cha mitambo, na yafuatayo yameshaanza. Taa za madhabahuni zimegeuzwa zimulike ukuta na jukwaa, si nyuso za watu. Stima ikipotea, swichi zao zinazimwa hapo hapo, na zikirudi zinawashwa moja moja. Zile za kumetameta kama za disko zimetolewa kabisa, na hapa si kwa ajili ya hofu tu: kuna aina ya kifafa ambayo mwanga wa kupepesa haraka unaweza kuiamsha. Baadhi ya vijana hawakufurahi, wanasema ibada itaonekana ya kizamani. Nimewaambia wawaulize wavuvi kama omena wanavutwa na taa inayopepesa.

Kwetu sisi waombezi kazi ni ngumu kidogo, maana tumezoea nguvu. Mtu akishikwa na hofu ya ghafla, asimulikwe. Watu wawili wanatosha, wengine warudi kwenye viti. Mmoja ashuke chini alipo yeye, asisimame juu yake, ajitambulishe kwa jina, amwite kwa jina, aulize kabla ya kumshika. Sauti iwe ya chini. Mwambieni yuko kanisani, yuko salama, hali hii itapita, na mpumue naye polepole, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Akitaka kutoka nje, mlango ni wake. Ombeni, naam, ombeni sana, lakini hata Hana alipoomba midomo ilicheza tu na sauti haikusikika, na Mungu alisikia.

Kama ni mara ya kwanza na kifua kinauma, msidhani. Apelekwe hospitali, maana ugonjwa wa moyo unaweza kufanana sana na hofu. Kama ni kifafa, mlazeni kwa ubavu, msitie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na ikizidi dakika tano tafuteni gari mara moja. Na kama hofu hii inamrudia mtu tena na tena, inatibika. Kuna mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na kuna dawa. Hospitali kuu ya Jaramogi, hiyo tunayoiita Russia, si ya mifupa na malaria peke yake. Waulizeni kuhusu kliniki ya afya ya akili. Atakayemwambia mshirika mwenzake kwamba kwenda huko ni kukosa imani, amweleze pia kwa nini Paulo alisafiri na Luka tabibu.

Mimi nilienda Nyalenda mwenyewe, na mke wangu, mchana. Nilimwomba dada yetu msamaha mbele ya mama yake. Hakusema mengi. Aliuliza kama zile taa bado zipo. Nilimwambia zipo, lakini zimegeuzwa. Jumapili iliyopita alikuja, akaketi benchi la mwisho upande wa mlango unaotazama ziwa, akatoka mara moja katikati ya sifa, akarudi. Amesema hataki kuitwa mbele kutoa ushuhuda, na hataitwa.

Vikundi vya nyumbani vya Jumatano: someni Matendo 9:10-19 polepole, kisha kila mmoja aseme, kama anaweza, ni lini aliogopa kuliko siku zote na ni sauti ya nani ilimfikia. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Kiongozi asitumie kisa cha dada huyu kama mfano katika mazungumzo, maana ameshamulikwa vya kutosha. Kikundi cha Nyalenda kitakutana saa kumi na moja jioni badala ya saa moja usiku, mpaka tutakapowajulisha tena.